Jinsi ya Kutengeneza Kikombe chenye Katuni za Utani za Wakati wa Vita

Katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kiwanda cha vyombo vya udongo cha Grimwades katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, kilitengeneza sahani, majagi na vikombe vilivyopambwa kwa katuni za Bruce Bairnsfather, ofisa wa jeshi aliyezichora taabu za mahandakini kwa namna iliyowachekesha hata wale waliokuwa bado wamo ndani ya taabu hizo. Chini ya baadhi ya vyombo hivyo palipigwa chapa inayoeleza kwamba vilitengenezwa na wasichana wa Staffordshire katika majira ya baridi ya mwaka 1917, wakati wavulana walipokuwa mahandakini wakipigania uhuru na ustaarabu. Kikombe chenye katuni ya vita, basi, kilikuwepo tangu vita vyenyewe vilipokuwa vikipiganwa, na mtu anayetaka kutengeneza chake leo anaingia katika kazi ambayo wengine waliifanya kwa uangalifu zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa njia ya sablimesheni, yaani kuihamisha picha kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kikombe kwa mashine inayokibana kwa joto, ambayo ndiyo inayotumiwa na wachapishaji wengi wa vikombe mjini, iwe ni Kariakoo, River Road au kwingineko. Sehemu ya mashine ni fupi, kwa kuwa kikombe kimoja hukaa kwenye joto kwa dakika chache tu. Sehemu ndefu, na ndiyo inayoamua kama kikombe kitapendeza au kitatupwa kabatini, ni kuchagua katuni, kujiridhisha kuhusu hakimiliki, na kuusafisha mchoro wa zamani bila kuuharibu. Mchapishaji hodari hawezi kuokoa picha iliyochaguliwa vibaya au iliyochukuliwa kutoka kwenye faili dogo lenye ukungu.

Kuchagua katuni

Anza kwa kujiuliza ni nani anayechekwa. Katuni za vita ziko za aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza askari au raia anajicheka mwenyewe: matope, baridi, chakula kibaya, amri zisizoeleweka, kombora lililotua karibu. Katika aina ya pili adui, au watu wa taifa au rangi fulani, wanachorwa kama wanyama au wapumbavu ili wasionekane kuwa binadamu. Aina ya pili ilichapishwa kwa wingi na pande zote katika vita vyote viwili vya dunia, na Waafrika, Wayahudi na Wajapani walichorwa humo kwa dharau kubwa. Ina nafasi yake katika makumbusho na katika vitabu vya historia, pale inapoambatana na maelezo, lakini kikombe hakina nafasi ya maelezo, na mgeni anayepewa chai ndani yake ataiona picha peke yake. Ninashauri kwa nguvu zote kwamba uchague aina ya kwanza. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kulijali jambo hili, kwa sababu makumi ya maelfu ya wapagazi wa eneo letu walikufa katika mapigano ya mwaka 1914 hadi 1918, na haifai kuyatafutia kicheko mateso ya watu ambao wenyewe hawakupewa nafasi ya kuchora.

Bairnsfather ni mfano bora wa aina ya kwanza, na ndiyo maana nitamtumia katika sehemu kubwa ya mwongozo huu. Alizaliwa mwaka 1887 huko Murree, mji ambao leo uko Pakistan, akatumikia katika kikosi cha Royal Warwickshire, na alikuwepo kwenye mstari wa mbele nchini Ubelgiji wakati askari wa pande mbili waliposimamisha mapigano kwa hiari yao katika Krismasi ya mwaka 1914. Alianza kuchora kwa ajili ya wenzake, kisha mwaka 1915 gazeti la The Bystander la London likaanza kuchapisha michoro yake, na mwaka 1916 ikakusanywa katika toleo lililoitwa Fragments from France. Mhusika wake mkuu ni Old Bill, askari mzee mwenye masharubu mazito yanayoning'inia, asiyetarajia mema yoyote kutoka kwa siku inayokuja lakini asiyekimbia.

Katuni yake iliyojulikana kuliko zote inamwonyesha Bill na mwenzake wakiwa ndani ya shimo lililochimbwa na kombora, usiku, makombora yakipasuka pande zote. Mwenzake amelalamika, na Bill anamjibu kwamba kama analijua shimo bora kuliko hilo, basi na aende. Nyingine, ambayo naiona inafaa zaidi kwa kikombe, inaonyesha ukuta wenye tundu kubwa lililotobolewa na mzinga. Askari kijana mwenye maneno mengi anauliza ni nani aliyelitoboa tundu lile, na mwenzake aliyechoka anamjibu kwa neno moja: panya. Mtu yeyote ataielewa kwa kuitazama mara moja, hata kama hajui chochote kuhusu Ubelgiji wala kuhusu mwaka 1915, na hicho ndicho kipimo unachopaswa kukitumia kwa kila katuni unayoifikiria. Utani unaohitaji kueleza waziri fulani alikuwa nani, au ni sheria gani ya mgao wa chakula iliyokuwa imetoka wiki hiyo, hautadumu kwenye kikombe.

Kipimo cha pili ni mchoro wenyewe. Upande mmoja wa kikombe cha kawaida unaipa picha upana wa takriban milimita 75 tu, na mistari myembamba sana hupotea katika ukubwa huo. W. Heath Robinson, aliyezaliwa London mwaka 1872, alichora wakati wa vita vile vile mitambo ya ajabu ya kubuni, iliyojaa kamba, roda, vibao na maofisa wenye nyuso za uzito mkubwa. Katika mojawapo askari wa Ujerumani wanatumia chupa za soda kuwapulizia Waingereza gesi ya kuchekesha kabla ya kuwashambulia. Raha ya michoro yake iko katika vitu vidogo vidogo, kwa hiyo ukiipunguza hadi milimita 75 utabaki na utando wa kijivu. Kama unampenda Heath Robinson, nami nakuunga mkono kabisa, mpe kikombe kizima: tandaza mchoro mmoja mpana kuzunguka kikombe chote, au kata sehemu moja ya mchoro yenye kisa kilichokamilika na uiache sehemu nyingine. Bairnsfather, kwa upande wake, alichora watu wachache, wakubwa, wenye vivuli vizito, nao wanastahimili kupunguzwa.

Hakimiliki

Uzee wa katuni peke yake haumpi mtu ruhusa ya kuichapisha. Kinachohesabiwa katika nchi nyingi ni mwaka aliokufa mchoraji, na idadi ya miaka inayoongezwa hapo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, na vilevile kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, kazi ya sanaa kama hii hulindwa kwa uhai wote wa mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchini Uingereza ni miaka 70. Nchini Marekani kazi za zamani huhesabiwa kwa mwaka wa kuchapishwa, na ulinzi wake hufikia miaka 95, kwa hiyo zilizochapishwa kabla ya mwaka 1929 zote sasa ziko huru huko.

Hebu tuziweke hesabu hizo kwenye majina. Heath Robinson alifariki mwaka 1944. Kazi zake ziko huru Kenya, Tanzania na, tangu tarehe 1 Januari 2015, Uingereza pia. Bairnsfather alifariki mwaka 1959. Kwa hesabu ya miaka 50 ulinzi wake ulikwisha Kenya na Tanzania mwishoni mwa mwaka 2009, na katuni zake za Vita vya Kwanza ziko huru Marekani, lakini Uingereza bado zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Maana yake ni kwamba unaweza kutengeneza kikombe cha Old Bill Dar es Salaam au Nairobi na kukiuza hapo hapo bila kumwomba mtu, ila usimpelekee mteja wa Manchester kabla ya mwaka 2030 bila idhini ya wenye haki. Bill Mauldin, Mmarekani aliyewachora askari wa kubuni Willie na Joe katika Vita vya Pili na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1945, alifariki mwaka 2003, kwa hiyo kazi zake usiziguse bila ruhusa popote ulipo. Jihadhari pia na katuni za Kiingereza za miaka ya 1939 hadi 1945 kwa jumla, hata za Heath Robinson mwenyewe, kama unakusudia kuuza Marekani, kwa sababu miaka 95 ya kuchapishwa kwake haijatimia.

Kuna mambo mengine mawili yanayosahauliwa. La kwanza ni kwamba katuni yenyewe inaweza kuwa huru lakini taasisi iliyoipiga picha ikawa na masharti yake juu ya faili inalolitoa. Makumbusho kadhaa huruhusu matumizi ya kibinafsi na kukataza ya biashara, hivyo soma masharti kabla ya kupakua. La pili ni saini ya mchoraji. Isifutwe kamwe, hata kama inakaa mahali pabaya kwenye mpangilio wako, kwa sababu haki ya mchoraji kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi inatambuliwa na sheria, na hata kama isingetambuliwa, ni heshima anayostahili mtu aliyechora katikati ya makombora.

Kupata picha nzuri

Njia bora kuliko zote ni kuipata karatasi yenyewe ya wakati ule. Matoleo ya Fragments from France yalichapishwa kwa wingi mkubwa sana, na bado yanaonekana kwa wauzaji wa vitabu vya zamani nchini Uingereza kwa bei isiyotisha. Ukilipata moja, usiliminye kwenye skana hadi uti wake ukavunjika. Iskani kurasa moja moja kwa upole, ukiweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili maandishi ya upande wa pili yasijitokeze. Kama huwezi kulipata, maktaba za kidijitali kama Internet Archive zina nakala za vitabu vya enzi hizo zilizoskaniwa kikamilifu. Picha zinazosambaa kwenye mitandao ya kijamii ziache kabisa, kwa sababu zimebanwa na kupunguzwa mara nyingi hata kingo za mistari zimeota ukungu.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, hata kama katuni ni nyeusi na nyeupe, kwa maana rangi ya njano ya karatasi na ya kahawia ya madoa huwa rahisi kutenganishwa na wino pale faili linapokuwa na rangi. Huenda ukadhani kiwango hicho ni kikubwa mno kwa kikombe kidogo. Sababu yake ni namna magazeti yale yalivyochapishwa. Vivuli vya Bairnsfather vilikuwa vya rangi ya maji iliyopakwa kwa brashi, na mashine za uchapaji za wakati ule hazikuweza kuchapa kijivu. Zilikigawa kijivu kuwa nukta ndogo ndogo nyeusi, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Ukiziskani nukta hizo kwa kiwango cha chini, zinagongana na mistari ya skana na kutoa mawimbi ya ajabu juu ya picha nzima, kama yale yanayoonekana mapazia mawili mepesi yanapopishana. Mawimbi hayo yakishaingia kwenye faili hayatoki.

Ukiwa na nukta 600 kwa inchi, kila nukta ya uchapaji inashikwa kwa pikseli kadhaa, na hapo unaweza kuifanyia kazi. Fungua faili kwenye programu ya picha. GIMP ni ya bure na inatosha kabisa. Weka ukungu mwepesi wa pikseli 2 hadi 3 ili nukta ziyeyukiane kuwa kijivu laini, kisha punguza picha hadi ukubwa wa mwisho, na baada ya kupunguza ndipo uongeze ukali kidogo. Mpangilio huo usiubadilishe. Hesabu yake ni hii: picha yenye upana wa milimita 180 kwenye ukurasa hutoa takriban pikseli 4,250 kwa nukta 600, na upana wa milimita 75 kwenye kikombe kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 886 tu. Unaipunguza karibu mara tano, na kupunguza huko ndiko kunakomalizia kuzifuta nukta zilizobaki. Kwa michoro ya mistari mitupu isiyo na vivuli, hatua ya ukungu haihitajiki.

Kusafisha bila kuua uzee

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wakiona karatasi imekuwa ya njano, wanaivuta picha hadi inakuwa nyeusi tititi na nyeupe pepe, na vivuli vyote vya katikati vinatoweka. Old Bill anabaki masharubu na kofia vinavyoelea hewani. Sablimesheni haina wino mweupe. Kila mahali palipo peupe kwenye picha patakuwa ni kikombe chenyewe kinachoonekana, na kila mahali penye njano hafifu patachapwa njano hafifu. Kwa hiyo lazima uamue mapema ni ipi kati ya njia mbili utakayoifuata.

Njia ya kwanza ni kuiondoa rangi ya karatasi kabisa, ili mchoro ukae moja kwa moja juu ya weupe wa kikombe. Geuza picha kuwa ya kijivu, kisha kwa kutumia chombo cha viwango vya mwanga sogeza alama ya upande wa mwanga hadi karatasi iwe nyeupe kamili, na usimame hapo hapo vivuli hafifu zaidi vya mchoraji vinapoanza kufifia. Alama ya upande wa giza iguse kidogo sana. Madoa na vumbi yaondolewe moja moja kwa mkono. Zana za kusafisha zenyewe zenyewe hufuta pia cheche za makombora na matone ya mvua, ambayo ni sehemu ya kisa.

Njia ya pili, ambayo mimi huipendelea kwa Bairnsfather, ni kuigeuza picha nzima kuwa ya rangi moja ya kahawia iliyokolea, ikikaa juu ya msingi wa rangi ya maziwa mazito. Vyombo vya Grimwades vilikuwa na mwelekeo huo wa rangi ya kahawia, hivyo kikombe chako kitafanana na ndugu zake wa zamani bila kujifanya ni cha zamani. Kuna faida ya kiufundi pia: wino mweusi wa sablimesheni ukipata joto lisilolingana hugeuka kijani au kahawia kwa namna isiyopendeza, na macho hulisamehe kosa dogo la joto kwenye kahawia kuliko kwenye nyeusi. Ukifuata njia hii, hakikisha msingi wa rangi ya maziwa una ukingo ulionyooka, au ueneze hadi mwisho wa karatasi, kwa kuwa ukingo uliopinda kwa milimita moja tu huonekana mara moja kwenye mduara wa kikombe.

Kupanga picha kwenye kikombe

Kikombe cha kawaida cha sablimesheni huitwa cha aunsi 11. Kina kimo cha takriban milimita 95 na kipenyo cha milimita 82, na eneo lake la kuchapika, ukiondoa mpini, huwa na upana wa milimita 200 na kimo cha milimita 85, yaani pikseli 2,362 kwa 1,004 kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi. Pima kikombe chako mwenyewe kwa ukanda wa karatasi kabla ya kuamini vipimo hivi, kwani viwanda hutofautiana.

Mtu anayekishika kikombe kwa mkono wa kulia huiona picha iliyo upande wa kulia wa karatasi, na anayekaa mbele yake huiona iliyo upande wa kushoto. Jua hilo kabla ya kuamua ipi iende wapi. Ikiwa una katuni mbili, weka kitovu cha kila moja kama milimita 42 kutoka kwenye ukingo wake wa karatasi, na upana wake usizidi milimita 75. Hapo zitabaki takriban milimita 41 katikati, mahali pazuri pa kuandika jina la mchoraji, gazeti na mwaka kwa herufi ndogo. Usiiache nafasi hiyo tupu. Wale waliotengeneza vyombo vya mwaka 1917 waliona ni muhimu kumwambia mnunuzi kikombe kilitoka wapi na mikononi mwa nani, na mtu atakayekiokota chako baada ya miaka hamsini atashukuru kwa mstari mmoja wa maelezo.

Maneno ya chini ya katuni ni nusu ya utani, kwa hiyo yasikatwe. Yaliyo kwenye ukurasa wa zamani mara nyingi huwa madogo mno baada ya kupunguzwa. Yaondoe na uyaandike upya kwa herufi zenye mikia, zenye kimo kisichopungua milimita 2, kwa tahajia ile ile aliyoitumia mchoraji. Kama kikombe ni cha wasomaji wa Kiswahili, panga maneno ya asili chini ya picha na ya Kiswahili chini yake, mafupi kadiri inavyowezekana. Jibu la yule askari aliyechoka libaki kuwa neno moja. Ukiliongezea maelezo, umeliua. Acha nafasi ya milimita 10 juu, karibu na ukingo wa kunywea, kwa sababu mashine haibani vizuri hapo na pia kwa sababu midomo na vijiko huchakaza haraka kitu chochote kilichochapwa sehemu hiyo.

Kuchapa

Vikombe lazima viwe vile vilivyopakwa utando wa poliesta kwa ajili ya kazi hii; kikombe cha kawaida cha dukani hakitashika wino hata ukikipasha joto siku nzima. Printa nayo iwe imejazwa wino wa sablimesheni, na karatasi iwe ni ya sablimesheni. Geuza picha ionekane kinyume, kama kwenye kioo, kabla ya kuichapa, na uhakikishe kwa kuyatazama maneno: yakisomeka vizuri kwenye karatasi, yatakuwa kinyume kwenye kikombe. Usiogope ukiona picha iliyotoka kwenye printa imepauka, kwa kuwa rangi huamka zinapopata joto.

Futa kikombe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa spiriti kidogo, maana unyoya mmoja au alama ya kidole huacha doa la kudumu. Zungusha karatasi ikabe barabara, upande wenye picha ukigusa kikombe, uishike kwa tepu inayostahimili joto, na hakikisha hakuna mahali ilipoachia. Maelekezo ya mtengenezaji wa vikombe ndiyo yanayotangulia mengine yote, lakini viwango vinavyotumiwa na wengi ni kati ya nyuzi 180 na 200 za Selsiasi kwa dakika 3 hadi 4. Wino hugeuka mvuke na kupenya ndani ya utando, ndiyo maana picha iliyochapwa vizuri haisikiki ukiipapasa kwa kidole. Fanya kazi hii penye hewa ya kutosha na uvae glavu nene.

Toa karatasi mara moja kikombe kikiwa bado cha moto, kwa mkupuo mmoja usio na kusitasita, vinginevyo picha hutoa kivuli. Kisha kiache kipoe chenyewe juu ya meza kavu. Kukitumbukiza kwenye maji baridi ni kukitafutia ufa. Tengeneza kwanza kikombe kimoja cha majaribio na ukisome kama daktari. Picha ikiwa imepauka kote, joto au muda havikutosha. Ikiwa kahawia imekuwa ya kuungua na kingo za mistari zimevimba, vimezidi. Ikiwa imepauka karibu na mpini peke yake, karatasi haikubanwa sawasawa pale, na dawa yake ni kubadilisha namna ya kukiweka kikombe kwenye mashine; ukiongeza joto utaunguza sehemu iliyokuwa nzuri.

Iwapo huna mashine, mpelekee mchapishaji faili la PNG lenye ukubwa kamili wa pikseli 2,362 kwa 1,004, lisilogeuzwa kinyume, na umwambie wazi kwamba halijageuzwa, kwa kuwa programu nyingi za wachapishaji huligeuza zenyewe. Usilitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani litabanwa na kazi yako yote ya kusafisha itapotea. Litume kama hati au kwa barua pepe. Mwombe akuonyeshe kikombe kimoja kabla ya kuendelea na vilivyobaki.

Matunzo, na neno kuhusu vikombe vya asili

Kikombe cha sablimesheni kioshwe kwa sponji laini na sabuni ya maji. Waya wa kusugulia sufuria na majivu hukwaruza utando, na pale utando unapotoka picha nayo hutoka. Kwa mashine ya kuosha vyombo fuata alama iliyo chini ya kikombe. Hata zile zinazoruhusu, rangi hufifia polepole kadiri kinavyooshwa humo.

Ukibahatika kukipata kikombe chenyewe cha Grimwades cha wakati wa vita, usikitilie chai ya moto. Vyombo vile vilipambwa kwa karatasi maalumu zenye rangi za kauri, kisha vikachomwa tanuruni, na glezi yake, yaani ule utando wa kung'aa unaofunika udongo, baada ya karne nzima huwa na nyufa ndogo sana kama utando wa buibui ambazo hunywa rangi ya chai na hazitakati tena. Kioshe kwa maji ya vuguvugu tu, bila dawa ya kung'arisha nguo, na ukitazame chini penye chapa kabla ya kulipa: kikombe kipya kilichochapwa kwa sablimesheni huwa hakina chapa iliyo chini ya glezi, na ukiikagua picha yake kwa lenzi hutaona ule mpaka mwembamba ambao karatasi ya mapambo huuacha mara nyingi kandokando ya mchoro. Pima pia kimo na mzingo wake, upige picha kila upande kwa mwanga wa dirishani, na uvitumie vipimo hivyo kupanga kikombe chako kipya, ili Old Bill akae juu ya mduara kwa ukubwa ule ule waliomkadiria wasichana wa Staffordshire.